Kadude ka fundi wako kalitoka wapi?

Wadau, wiki jana taa ya injini iliwaka kwa Vitz ya mathe. Gereji moja safi, ya sofa na kahawa, ikamwambia kusoma kompyuta pekee ni 3,500. Tukaenda kwa anko, fundi wa kando ya barabara. Akachomeka kadude kadogo chini ya usukani, akafungua simu: P0301. Silinda ya kwanza haichomi vizuri. Akabadilisha koili, tukarudi nyumbani.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili, na hako kadude sikukasikia darasani hata siku moja. Ikabidi nikatafute mwenyewe.

Zamani kila kampuni ya magari ilikuwa na soketi yake na lugha yake. Kilichovunja hiyo mambo ni moshi. California ilichoka na hewa chafu, ikataka gari ijichunguze yenyewe na iseme ikianza kuchafua. Kuanzia 1996 kila gari ndogo mpya iliyouzwa Marekani ilipaswa kuwa na OBD-II: soketi moja ya pini 16, namba za makosa zinazoeleweka na kila mtu. Ulaya ikafuata, magari ya petroli 2001. Shabaha kuu ilikuwa moshi, lakini fundi naye alifaidika.

Shida ni kwamba ndani ya hiyo soketi moja magari bado yaliongea lugha kadhaa. Hapo ndipo kampuni ndogo ya Canada, Elm Electronics, ikatengeneza chipu inaitwa ELM327. Kazi yake ni ukalimani: inasikiza gari, inatoa maandishi rahisi ambayo simu au laptopu inaelewa. Sasa sikia kosa lao. Toleo la kwanza hawakulifungia programu ya ndani. Watu wakaisoma, wakainakili, na dunia ikajaa feki za bei ya chakula cha mchana. Matoleo ya baadaye yalifungwa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Nyingi za hizo feki zinajitambulisha kama v1.5, toleo ambalo Elm hawakuwahi kutoa! Mwaka wa 2022 Elm wakafunga duka.

Hii inanikera kidogo. Tumezoea kusema tunaibia makampuni makubwa, kwa hivyo si dhambi. Hapa aliyeibiwa alikuwa mdogo, kama anko. Wale wakubwa bado wako sawa, kwa sababu sheria ya moshi iligusa moshi tu. Mambo ya airbag, ABS na kuprogramu funguo wameyafungia kwao. Massachusetts walipiga kura 2012 kuyafungua, wakarudi tena debeni 2020 kwa sababu magari yalikuwa yameanza kutuma data hewani. Watengenezaji wakakimbia kortini.

Nilimuuliza anko kama anajua kake ni feki. Akaangalia simu, v1.5, akacheka. Kisha akakatia mfukoni, maana Probox ilikuwa imeingia na taa ya airbag inawaka, na hiyo hawezi kuisoma.