Nani Aliwauliza Wakulima wa Nachingwea?

Ukikaa Dar es Salaam kuna sentensi moja lazima utaisikia: watu wa Kusini wamelala. Utaisikia kwenye daladala, utaisikia kwenye vyumba vya habari, utaisikia hata kwa watu wenye digrii mbili. Ukiomba ushahidi unaambiwa, "We nenda ukaone." Sawa, twende tukaone. Lakini kwanza tusome kidogo, maana historia ya kule inaonyesha vizuri sana ni nani hasa alikuwa amelala.

Tuanze na ramani kwa wale waliokimbia kipindi cha jiografia. Mbekenyera ni kata katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Wengi mnaijua Ruangwa kwa sababu ya Namungo FC. Kabla haijawa wilaya, ilihesabiwa pamoja na Nachingwea. Wenyeji wengi ni Wamwera, ambao babu zao waliingia Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Waliobaki walianza upya kwa jembe la mkono. Mtama, muhogo, mbaazi, na karanga kidogo. Hiyo "karanga kidogo" ishikeni, tutairudia.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kupikia. Siagi na mafuta vilikuwa vya mgawo. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, kwa ukubwa ambao dunia haijapata kuona. Ikaundwa timu ya watu watatu chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walitumia wiki tisa. Sehemu kubwa ya ardhi waliiangalia kutoka kwenye ndege.

Wiki tisa! Mimi nimewahi kutumia wiki mbili kufuatilia habari ya choo cha soko.

Ripoti yao ilipendekeza ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Hiyo ni kama mara tano ya Unguja na Pemba ukiziunganisha. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 24. Mashamba mengi yangekuwa Tanganyika, kwenye maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache, udongo haukuwa umepimwa vya kutosha, lakini tarakimu zilipangwa vizuri na serikali ikakubali. Waziri wa Chakula, John Strachey, akausimamia mradi kama vile heshima yake yote imo ndani ya gunia la karanga.

Walianza Kongwa mwaka 1947, kwa sababu reli ya kati ilikuwa karibu. Kilichofuata kinachekesha mpaka ukumbuke kwamba kuna watu walikuwa wanafanya kazi pale juani kwa ujira mdogo. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita. Vifaru vya kijeshi aina ya Sherman viligeuzwa matrekta na kuitwa Shervick. Mibuyu na mizizi ya vichaka ikavunja vyuma. Udongo wa Kongwa ukipigwa na jua unakauka kama saruji, na changarawe yake ikasaga majembe ya plau. Halafu mvua ikakataa. Mwishowe karanga zilizovunwa zikawa hata hazifiki kiasi cha mbegu zilizonunuliwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba mvumilivu hula mbivu. Basi ukweli ni kwamba wale wakubwa wa mradi walikuwa wavumilivu kweli kweli! Waliona mashine zinavunjika, wakaagiza nyingine. Meneja mkuu kule Kongwa alikuwa meja jenerali, Desmond Harrison, na amri za kijeshi zilimwagika kwenye makaratasi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kwenye kikao na kuuliza: jamani, tuna uhakika gani? Na walioanza kutofautiana na uongozi hawakukaa. Mwaka 1949 Strachey aliwaondoa kwenye bodi wajumbe wawili, John Rosa na Wakefield mwenyewe. Alan Wood, aliyekuwa akishughulikia habari za mradi, aliacha kazi, na mwaka 1950 akatoa kitabu kilichoanika mambo. (Waandishi wenzangu mlioajiriwa kuwa maofisa habari, mfikirieni huyu bwana.)

Januari 1951 mradi ukafutwa. Hasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36, pesa za walipa kodi wa Uingereza.

Nachingwea iliachiwa nini? Ilijengewa reli, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, baadaye ikaunganishwa na Mtwara. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya kufutwa kwa mradi uliosababisha ijengwe. Reli ilikosa mzigo wa kutosha, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Hebu fikiria: mkoa unaoambiwa umelala uliwahi kuwa na reli, wakubwa wakaing'oa, kisha miaka iliyofuata abiria wa Lindi akawa analala njiani masika kwenye tope akisubiri Rufiji ivukike. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. (Moja ya mashamba yale ya karanga, Shamba Namba 17, baadaye lilikuwa kambi ya FRELIMO ya Samora Machel, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Turudi kwenye karanga kidogo. Mkulima wa jembe la mkono hakujaza shamba lote karanga. Alichanganya mtama, muhogo na mbaazi, kwa sababu mvua ikikosea zao moja, jingine litaokoa watoto. Wataalamu wa wakati ule waliuita huo ulimaji wa kizamani. Mimi nauita utafiti, tena wa miaka mingi, ambao kosa lake moja hulipwa kwa njaa.

Wakoloni waliondoka, lakini tabia ya kutouliza ilibaki. Miaka ya 1950 na 1960 wakulima wa Lindi na Mtwara walipanda mikorosho kwa wingi, na msimu wa 1973/74 nchi ilipata takriban tani 145,000 za korosho. Ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki nyuma kwenye mahame, mbali, ikamezwa na nyasi na moto. Mwalimu alikuwa na nia njema, sina ugomvi na nia. Bei ya mkulima nayo ilikuwa duni. Kufika 1986/87 uzalishaji ulikuwa kama tani 16,500 tu. Na maneno yakaanza: wavivu hao, wamelala.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kwenye maua ya mikorosho, unga mweupe. Ni ugonjwa wa ubwiriunga. Watafiti wa Kituo cha Naliendele, Mtwara, walifanya kile ambacho timu ya Wakefield haikukifanya: walikaa. Walipima, wakajaribu, wakaonyesha kwamba ukipuliza salfa kwa wakati wake maua yanapona, wakachagua pia miche bora. Wakulima nao hawakukurupuka. Walitazama kwanza mti wa jirani aliyepuliza, wakahesabu bei ya salfa na bei ya korosho, ndipo wakaingia. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Huyo ndiye mtu aliyelala?

Siku hizi Ruangwa inatajwa kwa madini ya kinywe, yale yanayotumika kwenye betri za magari ya umeme. Wawekezaji wameshafika na ripoti zimeandikwa, zina tarakimu nzuri na picha zilizopigwa kutoka angani. Mimi nikipewa ripoti za namna hiyo huanza na ukurasa unaosema waliongea na nani kijijini, na kwa siku ngapi.