Kinanda cha Begani na Vitu Vyake Vidogo

Wiki hii zamu ya kuandika historia ni yangu.

Mnakijua kile kinanda chetu hapa Luzira, kile cha kuvaa begani kama gitaa. Wanamuziki wanakiita kitari. Kilifika kama msaada ndani ya mfuko wake, bila mkanda, bila adapta, bila kebo. Tukatia betri, taa ikawaka. Tukabonyeza: kimya. Wiki tatu tukasema kimekufa. Kwenye kikao wengine wakataka kiuzwe, na pesa kidogo ya kikundi inunue kitu kingine. Mimi pia niliinua mkono kiuzwe, sifichi. Ni yaya wetu anayepiga kinanda kanisani ndiye alituzuia: "Hakijakufa. Hiki hakina sauti yake. Kinatafuta mwenzake."

Nikajiuliza, nani alitengeneza kinanda kisicho na sauti, na kwa nini? Nikaanza kusoma.

Hamu ya kubeba kinanda ni ya zamani. Mwaka 1795 kule Vienna, Carl Leopold Röllig alitoa orfika, piano ndogo yenye mkanda wa begani. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, na haikudumu sana. Mwaka 1829, mji huo huo, Cyrill Demian akasajili akodiani. Hiyo ilienea dunia nzima. Ilikuwa na sauti kubwa, na haikudai kitu zaidi ya mikanda na nguvu ya mikono. Ilifika mpaka kwetu: Camille Feruzi aliipiga Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Wakikuyu wakaichezea mwomboko, Zanzibar ikaingia kwenye taarabu. Kwa hiyo babu zetu walivaa vinanda kabla umeme haujafika kwao.

Umeme ulipoingia kwenye vinanda, shida zikabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Edgar Winter alifunga mkanda kwenye kinanda cha umeme na kukitundika shingoni. Mwaka 1980 ikatoka Moog Liberation, iliyotengenezwa hasa kwa kuvaliwa. Lakini ilikuwa na uzito wa kilo 6 hivi, na kebo iliyoifunga kwenye sanduku la umeme. Simama nayo ibada nzima uone.

Halafu Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki Marekani, watu waliunganisha vinanda viwili vya makampuni shindani, Prophet-600 na Jupiter-6 ya Roland, kwa kebo ya pini tano. Ukipiga kimoja, kingine kinalia. Lugha hiyo ya vinanda inaitwa midi. Kebo haibebi sauti, inabeba ujumbe tu: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu gani. Ndiyo maana mwaka uliofuata Yamaha waliweza kuleta KX5: nyepesi, ya betri, isiyo na sauti hata moja ndani. Sauti ilibaki kwenye sanduku lingine pembeni. Chetu ni cha ukoo huo. Njo vile kilinyamaza.

Sasa twende Kinshasa tena. Mzee Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono Nº1, alipiga likembe, na kelele za mji zilikuwa zinaimeza. Hakungoja duka. Alitumia sumaku za vyuma chakavu vya magari kutengeneza maikrofoni zake, akaunganisha na spika za zamani. Mwaka 2011 kundi lake lilikuwa kati ya walioshinda Grammy kwa wimbo waliorekodi pamoja na Herbie Hancock. Na Hancock ni nani? Ni mmoja wa wapigaji mashuhuri kabisa wa kinanda cha begani duniani. Likembe lenye sumaku za chakavu na kinanda cha begani, tuzo moja.

Basi sisi tulifanya nini? Hatukuuza. Tulipanga pesa yetu hivi.

Kwanza mkanda, mpana, maana mwembamba unakata bega. Pili betri za kuchaji, kwa sababu Yaka ikiisha mazoezi hayasimami. Tatu adapta. Hapa angalieni sana: usiazime ya redio ya jirani. Soma volti, halafu tafuta kale kamchoro ka duara kenye alama za + na −. Kanaonyesha chanya iko katikati au nje. Ukikosea unaweza kukiunguza. Nne, kebo ya midi yenye kichwa cha USB, na kiunganishi cha kuiingiza kwenye simu. Sauti inatoka kwenye programu ya bure, ndani ya simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kutoka simu, waya unaenda kwenye spika ya kanisa. Tano, kaveera kubwa ya kufunika mfuko, kwa mvua na boda.

Jumamosi iliyopita kililia. Yaya alianza taratibu, halafu watoto wa jirani wakajaa mlangoni.

Wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru, na tunaomba neno moja. Mkileta chombo, ulizeni kwanza: mkanda uko? Adapta ni ya volti gani? Sauti itatokea wapi? Vitu hivi ni bei ndogo ukilinganisha na chombo chenyewe, lakini bila hivyo kikundi kinaweza kuuza chombo kizima kwa kudhani ni kibovu. Sisi tulibakiza kura mbili tu.

Na ninyi vijana wenzangu: nyumbani kwenu kuna chombo kinachonyamaza? Kileteni Jumamosi tukiangalie pamoja kabla hamjakiuza.