Efatha: Bwana Alitanguliza Mikono



Injili ya Marko (7, 31-37) yatusimulia kwamba Yesu alimtenga kiziwi na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni. Ndipo akatamka: Efatha. Kabla ya sauti, Bwana alisema naye kwa mikono.

Kanisa limeifuata njia hiyo, na pia limewahi kuiacha. Karibu mwaka 1760, Padri Charles-Michel de l'Épée alianza kuwafundisha viziwi wa Paris kwa alama, nyingine akizipokea kwao wenyewe. Lakini mwaka 1880, mkutano wa walimu huko Milano, chini ya uongozi wa padri mwingine, Giulio Tarra, uliamua wafundishwe kwa kusema tu. Walioamua walikuwa karibu wote watu wenye kusikia. Katika shule nyingi alama zikapigwa marufuku kwa vizazi. Ni mwaka 2010, huko Vancouver, ndipo mkutano wa namna ileile ulipoyakana maamuzi hayo.

Alama za Paris hazikufa. Mwalimu kiziwi Laurent Clerc alikuwa amezipeleka Marekani. Kutoka huko alikuja Andrew Foster, Mprotestanti mweusi, naye kiziwi, aliyefungua shule huko Accra mwaka 1957. Alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya thelathini barani Afrika, zikiwemo za nchi yetu.

Leo kuna kifaa kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji. Marekani ilikiruhusu kwa watoto mwaka 1990. Kinamsaidia mtoto kupokea sauti, bali hakirudishi usikivu kamili. Kinadai betri, fundi na mazoezi ya miaka. Mzazi anayekitafuta hatendi dhambi, kwa maana kusikia ni zawadi. Kosa la Milano halikuwa kupenda sauti, bali kumnyang'anya mtoto lugha aliyo nayo kwa ajili ya ile anayotumainiwa kuipata. Akipata kifaa au asipokipata, tumwachie mikono yake na wenzake viziwi wanaoielewa.

Tujiulize katika kikundi: mtoto kiziwi wa jirani akija katekisimu Jumapili hii, nani kati yetu ataweza kuongea naye? Tuanze kwa ishara ya msalaba, sala ambayo mikono yetu inaijua tayari. Kisha tumwombe yeye atufundishe zinazofuata.