Costermansville ndiyo Bukavu: majina ya miji katika kumbukumbu za Lwiro

Mtafiti aliyeajiriwa na IRSAC katika miaka ya 1950 angeweza kupangiwa kazi Lwiro, Uvira, Mabali, Elisabethville au Astrida. Vituo hivyo vilikuwa vya taasisi moja, vikitapakaa kutoka Ziwa Tumba, magharibi mwa Kongo, hadi vilima vya Rwanda. Anayefungua ramani leo ataziona Lwiro, Uvira na Mabali. Elisabethville na Astrida hatazipata. Ya kwanza sasa ni Lubumbashi. Ya pili iligeuka Butare, na tangu mageuzi ya utawala ya Rwanda ya mwaka 2006 inaitwa Huye.

IRSAC, Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, iliundwa na Wabelgiji mwaka 1947, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Louis van den Berghe. Makao yake makuu yalijengwa Lwiro, katika nchi ya Wabashi, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Bukavu. Hapo watafiti walichunguza utapiamlo, matetemeko ya ardhi, wanyama na mimea ya misitu ya mlima Kahuzi. Taasisi hiyo ndiyo leo Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Kazi za IRSAC ziliandikwa kwa majina ya miji ya wakati wake, na sehemu kubwa kwa Kifaransa. Leo mtafiti wa Lwiro anayetaka kusomwa duniani huandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo swali la jina sahihi la mji linapomkabili.

Tuanze na Bukavu yenyewe. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliupa mji huo jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa makamu wa gavana mkuu wa Dola Huru ya Kongo na kufariki mwaka 1905. Kwa Kiholanzi, lugha ya pili ya watawala, uliandikwa Costermansstad. Kuanzia mwaka 1933 hata jimbo zima liliitwa Costermansville, hadi lilipoitwa Kivu mwaka 1947. Jina la Bukavu lilirudishwa katika miaka ya 1950, Wabelgiji wakiwa bado madarakani. Kwa hiyo anayeandika kwamba Rais Mobutu ndiye aliyeifuta Costermansville anapotosha historia.

Mobutu alibadilisha mengine. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi na Coquilhatville ikawa Mbandaka. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, hadi 1997. Wasomaji wa Kiingereza walikuwa wameizoea Stanleyville kutokana na habari za uasi wa mwaka 1964, ilhali wasemaji wa Kiswahili walikuwa wakiuita mji huo Kisangani tangu zamani. Mengi ya majina yaliyoonekana mapya huko London na New York yalikuwa ya kale kwa wenyeji.

Hata jina la kikoloni lilihitaji uangalifu. Elisabethville iliitwa kwa jina la malkia wa Ubelgiji, Elisabeth, mke wa Albert wa Kwanza, na huandikwa kwa herufi s. Waingereza, ambao malkia wao aliandikwa Elizabeth, walivutwa kirahisi kuweka z. Herufi hiyo moja humpa mji malkia asiye wake.

Msomi aliyelelewa katika Kifaransa ana mtego wake pia. Amezoea Le Caire, Le Cap, Londres na Addis-Abeba yenye kistari. Kiingereza kinataka Cairo, Cape Town, London na Addis Ababa bila kistari. Mgumu zaidi ni Louvain. Hospitali ya Katana, jirani na Lwiro, iliendeshwa na FOMULAC, shirika la tiba la Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1968 iliamuliwa chuo hicho kigawanyike kwa lugha. Upande wa Kiholanzi ulibaki katika mji wa zamani, ambao Kiingereza cha leo kinauita Leuven, na upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve. Anayeandika Louvain bila mwaka anamwacha msomaji akikisia ni mji gani.

Suala hili lina vyombo vyake. Marekani iliunda bodi ya majina ya kijiografia mwaka 1890, Uingereza ikaunda kamati yake mwaka 1919, na Umoja wa Mataifa ukaitisha mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina hayo huko Geneva mwaka 1967. Mwelekeo wa Umoja wa Mataifa ni kulipa uzito jina linalotumiwa na wenye mji. Mwaka 2019 shirika la habari la Associated Press liliacha Kiev la Kirusi na kuandika Kyiv, kama Waukraine wanavyotaka.

Kwa Lwiro, kanuni ni tatu. Mji wa leo uandikwe kwa jina lake la leo, isipokuwa pale Kiingereza kina jina lililokwisha kuzoeleka, kama Cairo au Brussels. Tukio la zamani litajwe kwa jina la wakati wake pamoja na la sasa: Patrice Lumumba aliuawa Januari 17, 1961 karibu na Elisabethville, sasa Lubumbashi. Hati ya kale inakiliwe kama ilivyo, bila kusahihishwa.

Kanuni hizi zina kazi. Anayetaka kulinganisha mvua, magonjwa au wanyama wa miaka ya 1950 na wa leo lazima ajue kwamba Costermansville na Bukavu ni mahali pamoja, la sivyo takwimu za mji mmoja zitahesabiwa kuwa za miji miwili. Ndiyo maana kila kituo cha utafiti cha Kivu kinastahili kuwa na orodha ya majina ya zamani na ya sasa, yenye miaka ya mabadiliko, wazi kwa mwanafunzi yeyote. Wenye miji ndio wanaopaswa kuiandika orodha hiyo kwanza, ili wanaoandika kwa Kiingereza wapate mahali pa kuuliza.