Rekodi ya kura za wabunge (Kenya)

Rekodi ya kura za mbunge ni kumbukumbu ya msimamo wake bungeni: aliunga mkono hoja, aliipinga, alijizuia kupiga kura au hakuwepo. Katika Bunge la Taifa la Kenya, maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti. Spika huuliza, wabunge huitikia, naye hutangaza upande ulioshinda kwa kusikiliza tu. Njia hiyo huokoa muda, lakini haionyeshi kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, nani aliunga mkono na nani alipinga, na hapo ndipo uwajibikaji hupotelea. Majina huandikwa inapopigwa kura ya mgawanyo, yaani kura inayohesabiwa mbunge kwa mbunge.

Kura ya namna hiyo ilipigwa kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024. Katika kusomwa mara ya pili, tarehe 20 Juni, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Orodha za majina zilisambaa mitandaoni, na vijana wakawadai wabunge wao maelezo, jimbo kwa jimbo. Tarehe 25 Juni mswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliokuwa wakiupinga waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini.

Uwajibikaji una pia njia ya kisheria: Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010 inawapa wapigakura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kuisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoizingira haki hiyo kwa masharti mazito.