Karti nyekundu ya Gelsenkirchen

Siku hizi kila bao lenye mashaka linaleta kelele: «Arbitre ameuzwa!» Vijana wetu wanazania jambo hili ni jipya. Hapana. Wazee walilionja tarehe 18 Juni 1974, kule Gelsenkirchen, inchi ya Ujerumani, Léopards walipocheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia.

Dakika ya 22 Katalinski akatia bao la nne. Wachezaji wetu wakalikatala, wakamuzunguka arbitre Delgado, mtu wa Kolombia. Katika fujo ile Mwepu Ilunga akamupiga teke kwa nyuma. Delgado kugeuka, karti nyekundu kwa Ndaye Mulamba! Ndaye yule aliyetia mabao 9 kwenye Kombe la Afrika kule Misri, miezi mitatu mbele yake, rekodi ambayo ingali yake mpaka leo. Mwepu akabaki uwanjani. Mwisho, 9 kwa 0.

Tusidanganyane: ata na Ndaye tungalishindwa, mabao manne yalikuwa tayari ndani. Lakini kushindwa ni kitu kimoja, kuazibiwa juu ya teke la mwenzako ni kingine, na wakati ule video ya kusahihisha haikuwa. Tarehe 22, mbele ya Brazili, Ndaye hakucheza. Mwepu alicheza.