Marufuku na Kodi

Mwezi Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi pekee, na kwamba biashara ya sarafu za kidijitali inakiuka kanuni za fedha za kigeni. Tamko lilikuwa bayana. Utekelezaji wake ndio uliokuwa mtihani. Bitcoin haina ghala la kutiwa kufuli: daftari lake limenakiliwa katika maelfu ya kompyuta zilizotawanyika duniani. Serikali huweza kulinda daraja tu, yaani benki na huduma za pesa kwa simu, ambako sarafu hugeuzwa kuwa shilingi. Daraja likifungwa, wapo wavukao kwa mitumbwi: muuzaji na mnunuzi hukutana wenyewe, bila leseni wala stakabadhi. Hapo marufuku humgeukia yule yule iliyekusudia kumlinda, kwani aliyetapeliwa huogopa kushtaki. Kushtaki ni kukiri.

Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliihimiza Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Shilingi ilibaki fedha halali pekee, lakini kilichokatazwa sasa kilihesabiwa.

Serikali, basi, yaweza kukifanya kitu kiwe cha siri. Kukiondoa ni jambo jingine. Sheria ya kodi ilikiri kwamba soko lipo. Limebaki deni: anayetozwa kodi anastahili pia mahali pa kupeleka malalamiko yake.